Hatari Ipi? Niliyojifunza Nikiandika Ripoti za Usalama kwa Kiingereza

Kama kazi yako ni kuwasikiliza watu kwa Kiswahili kisha kuandika kwa Kiingereza, siku moja utakwama kwenye neno hatari. Mimi nilikwama nilipochukuliwa kuwa karani wa usalama kwenye yadi ya mkandarasi mmoja hapa Tanga, upande wa Pongwe. Kazi yenyewe ilielezwa kwa maneno mepesi. Asubuhi nihudhurie kikao cha usalama, mchana nizunguke na daftari kuwauliza mafundi na vibarua wameona nini, jioni niyaandike yote kwa Kiingereza ili wahandisi wasiojua Kiswahili wayasome. Nilikuwa nimesoma hadi kidato cha sita na nimefundisha Kiingereza cha jioni pale Chumbageni. Sikuona ugumu ungetokea wapi.

Ulitokea kwenye daftari. Watu wetu husema hatari kwa kila jambo. Waya uliochubuka ni hatari. Dereva anayerudisha gari nyuma bila kutazama ni hatari. Kupanda mirunda iliyolowa mvua ni hatari. Mbwa wa mlinzi ni hatari. Kijana mmoja wa Makorora aliniambia, "Dada, winchi jipya ni hatari sana," nikaandika, kisha nikarudi kumuuliza hatari yake iko sehemu gani. Kumbe alikuwa analisifia kwa jinsi linavyoinua mizigo. Kiswahili hakina kosa hapo. Tunapozungumza ana kwa ana, mikono na macho na mahali tuliposimama humalizia yaliyobaki. Lakini karatasi iliyo mbele ya mhandisi aliye mbali haina mikono wala macho.

Fomu yetu ilikuwa na safu ya hazard, safu ya risk, na chini kabisa kisanduku cha danger, kinachotiwa alama pale tu kazi inapopaswa kusimama papo hapo. Kamusi yangu ilinipa jibu moja kwa yote matatu: hatari. Nikatafuta threat, peril na jeopardy. Hatari, hatari, hatari.

Nikafungua faili la waliokuwepo kabla yangu nione wao walifanyaje. Karibu kila mstari ulianza na danger. Danger ya waya, danger ya ngazi, danger ya vumbi, danger ya nyuki kwenye mwembe. Kisanduku cha chini kilikuwa na alama kila siku, na kwa kuwa haiwezekani kusimamisha yadi kila siku, wasomaji walikuwa wameacha kukitazama. Miongoni mwa mistari ile ulikuwemo mmoja wa ngazi yenye kipago kilichopasuka. Uliandikwa, ukarudiwa, ukarudiwa tena, kwa neno lilelile lililotumika kwa nyuki. Hakuna aliyeiondoa ngazi ile mpaka kibarua alipoanguka nayo na kuvunjika mkono. Alikuwa kijana wa Duga, ndiyo kwanza ameoa, na kwa wiki nyingi alikaa nyumbani akitegemea mchango wa wenzake. Niliposoma mistari ile nikijua mwisho wake, nilipata uchungu ambao mpaka leo ndio unaonifanya niandike haya. Walioandika waliiona ngazi, na waliosoma walikuwa watu wazima wenye nia njema. Kilichokosekana kati yao ni neno lenye uzito unaostahili.

Nilianza kwa njia ambayo wengi mngeianza. Nilinunua bando, nikakesha nikisoma maelezo ya kila neno, nikaandika orodha na kuikariri. Haikunisaidia, na ilinila pesa na usingizi. Maelezo ya Kiingereza yanazunguka: danger inaelezwa kwa risk, risk inaelezwa kwa danger, hazard inaelezwa kwa zote mbili. Ukitaka kuokoa muda wako, usianzie huko.

Aliyenifungua akili ni mlinzi wetu wa usiku, mzee wa Kigombe aliyekuwa mvuvi kabla mgongo haujamkataa. Alinikuta nimebaki ofisini giza limeingia.

"Shikamoo, mzee."

"Marhaba, mwanangu. Mbona umekunja uso hivyo?"

Nikamweleza kwamba Wazungu wana maneno mengi kwa kitu ambacho sisi tunakiita hatari tu. Akavuta kiti. Akaniuliza kama nimewahi kushuka pwani wakati wa bamvua, maji yakiwa yamekwenda mbali, watu wanachokoa pweza. Nikasema nimeshuka sana, kwetu ni Mwambani.

"Basi samaki taa unamjua. Taa kalala mchangani. Ushuke usishuke, yupo, na mwiba wake anao. Sasa umeshuka, miguu mitupu, maji ya ugoko, mchanga umetibuka huoni chini. Hapo ndipo hesabu inapoanza: yuko wapi, ni wengi kiasi gani, nikichomwa nitaumia vipi, na gari la kunipeleka hospitali ya Bombo litapatikana saa ngapi. Ukishainua mguu uko juu yake, hakuna hesabu tena. Hapo ni kupiga kelele tu."

Kisha akaongeza jambo ambalo nimelitumia kuliko yote: "Ndiyo maana wazee walitufundisha kuburuza miguu. Ukiburuza, taa anasikia, anaondoka. Hukumuua. Yupo palepale baharini. Lakini wewe umejipunguzia."

Usiku ule niliandika kwenye ukurasa wa mwanzo wa daftari. Taa mwenyewe, na mwiba wake, ni hazard: kitu kilichopo chenye uwezo wa kudhuru, hata kama hakuna mtu karibu. Hesabu ya mvuvi ni risk: uwezekano wa kuchomwa ukichanganywa na ukubwa wa madhara. Mguu uliokwisha kuinuliwa ni danger: mtu na madhara wamekaribiana mno, hapahapa, sasa hivi. Na kuburuza miguu ndiko wataalamu wanakoita kudhibiti: hazard inabaki, risk inashuka.

Baadaye nilikuta kwamba kiwango cha kimataifa cha usalama kazini, ISO 45001 cha mwaka 2018, kinaieleza hazard karibu hivyohivyo, kama chanzo chenye uwezo wa kusababisha jeraha au ugonjwa. Na maofisa wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya mahali pa kazi, hapa kwetu wana neno lao zuri, vihatarishi, ambalo wanalitumia wanapokagua sehemu za kazi. Ni neno linalotenganisha kitu na hali. Nimelishika, na nawashauri mlishike. Ukisema kihatarishi unalazimika kuonyesha kitu kwa kidole.

Lakini mafundi hawatasema vihatarishi. Watasema hatari, na ni haki yao. Kwa hiyo nilijiwekea sharti moja: nikiwa na daftari, neno hatari siliandiki. Mtu akiniambia "pale pana hatari", namwuliza mpaka nipate sentensi ya Kiswahili isiyo na neno hilo. Kuna nini pale? Nani anapita? Anapita mara ngapi? Kikimpata, kitamfanya nini? Kuna kitu kinachozuia? "Pana hatari pale kwenye jenereta" iligeuka kuwa "waya wa jenereta umechubuka urefu wa kiganja, unalala kwenye maji, na wapishi wanauvuka kila wanapokwenda kuchota." Ukiwa na sentensi hiyo, Kiingereza kinajipanga chenyewe. Waya uliochubuka unaingia safu ya hazard. Wapishi kuuvuka kila mara, na umeme unaoweza kuua, vinaingia safu ya risk. Na kwa kuwa waya umo majini na watu wanapita sasa hivi, kisanduku cha danger kinatiwa alama, na anayetia anakwenda mwenyewe kuzima jenereta kabla hajaenda kuandika.

Mwanzoni watu walichoka na maswali yangu. Msimamizi mmoja alilalamika kwamba namchelewesha, akasema karani aliyepita alikuwa akiandika upesi. Sikuwa na la kumjibu ila kuendelea. Waliobadilika kwanza walikuwa vibarua wenyewe. Waligundua kwamba wakieleza kwa kirefu, jambo linafanyiwa kazi, basi wakaanza kuja na maelezo kamili kabla sijauliza. Mama anayetupikia alinionyesha mtungi wa gesi uliokaa juani karibu na mashine ya kuchomelea, akanieleza umbali, akanieleza na cheche zinaruka kuelekea wapi. Sijapata ripoti nzuri kuliko ile kutoka kwa mhandisi yeyote.

Kuna jambo lililonitesa zaidi ya fomu, nalo ni kitenzi.

Kijana mmoja alishuka kusafisha chemba ya maji machafu nyuma ya karakana. Haikupita muda akalegea, akaanguka chini. Fundi bomba aliyekuwa karibu akamwita kijana wa kubeba mchanga, akamkabidhi ncha ya kamba, akajifunga kiunoni, akashuka. Alimfunga mwenzake, wakavutwa mmoja baada ya mwingine. Kwa rehema za Mungu wote walitoka wazima. Jioni yake nilipewa kazi ya kuandika maelezo kwa Kiingereza, kwa sababu kulikuwa na kikao cha kuamua fundi bomba apewe barua ya onyo au vipi.

Nilikuwa na mashahidi wawili, na wote wawili walisema maneno yaleyale: "Alihatarisha maisha." Wa kwanza alisema hivyo machozi yakimlengalenga, alikuwa anamsifu. Wa pili, msimamizi, alisema hivyo kwa hasira, alikuwa anamshtaki. Kiswahili kinabeba yote mawili kwa kitenzi kimoja, na sauti ndiyo inayochagua. Kiingereza kinataka uchague kabla hujaandika. Ukisema mtu "risked his life", msomaji anasikia mtu aliyejua, akaamua, akajitoa. Ukisema "endangered lives", msomaji anasikia uzembe, mtu aliyewaweka wengine pabaya. Mhandisi akisoma la kwanza anatafuta cheti cha pongezi. Akisoma la pili anatafuta fomu ya nidhamu. Fundi yule alikuwa na watoto wanne na kibarua ndicho kilichokuwa kinawalisha. Nilikaa na kalamu mkononi, naona kabisa kwamba herufi chache zitaamua, na nikaogopa.

Nilimfuata nyumbani kwake Ngamiani nikamwuliza hatua kwa hatua. Je, alijua kuna hewa mbaya? Alisema alinusa harufu ya mayai yaliyooza akadhani ni uchafu wa kawaida. Nani alibaki juu? Kijana wa mchanga na watu wawili waliokuja mbio. Kulikuwa na kipimo cha hewa? Hakijawahi kuwepo. Aliwahi kufundishwa kumwokoa mtu chembani? Hapana.

Harufu ile ya mayai yaliyooza ni ya gesi inayoitwa haidrojeni salfaidi, na uovu wake ni kwamba ikiwa nyingi inaua uwezo wa pua kunusa, hata mtu akadhani imeondoka. Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 20.9, sheria za kazi za Marekani zinahesabu kwamba chini ya 19.5 ni upungufu, na chembani inaweza kushuka chini sana ya hapo bila mtu kuona kitu. Taasisi ya Marekani ya NIOSH, inayotafiti usalama na afya kazini, iliandika mwaka 1986 kwamba zaidi ya asilimia 60 ya wanaokufa kwenye maeneo yaliyobana kama hayo ni wale walioingia kuwaokoa wenzao. Kwa hiyo msimamizi hakuwa mjinga kukasirika. Angeweza kuandika maiti mbili badala ya mtu mmoja aliyezimia.

Nilirudi nikaandika hivi: fundi "risked his life" kumtoa mwenzake. Halafu, kwa sentensi nyingine yenye mtendaji mwingine, nikaandika kwamba kukosekana kwa kipimo cha hewa, mafunzo na mkanda wa kuokolea "endangered both men". Yaani waliohatarishwa ni wawili, na kilichowahatarisha ni upungufu ule. Kabla ya kuipeleka nilimsomea kila shahidi kwa Kiswahili nilichokiandika, nikamsomea na fundi. Msimamizi alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo, akasema, "Hiyo ni kweli." Barua ya onyo haikutoka. Kilichotoka ni amri ya kununua kipimo cha hewa na kamba yenye mhimili wa miguu mitatu, na kwamba asishuke mtu chembani bila kibali kilichosainiwa.

Nikiulizwa ni neno gani nililichagua kwa uangalifu kuliko yote, nitasema ni hili la kumpa "endangered" mtendaji wake halali. Watu wengi wanahangaika na nomino, na vitenzi ndivyo vinavyoshika watu shingo. "Risk" mtu huifanya mwenyewe, mara nyingi kwa kutaka kitu: anahatarisha mali, anahatarisha afya yake. "Endanger" humfanyia mwingine, au humfanyia mtu bila yeye kujua. "Threaten" ni kutishia: kuna kinachokuja, kimekwisha kuonekana, ila hakijafika.

Nilipofika kwenye mabango nilidhani yatakuwa rahisi baada ya hayo yote. Yadi nzima ilikuwa na bango la aina moja, fuvu na neno HATARI, mlangoni, kwenye transfoma, hata kwenye ngazi ya ofisi. Mashine zilizoagizwa nje zilikuja na maneno matatu yenye rangi tatu. Kwa kiwango cha Marekani cha ANSI Z535, DANGER kwa nyekundu maana yake usipoepuka utakufa au utaumia vibaya. WARNING kwa rangi ya chungwa maana yake unaweza kufa au kuumia vibaya. CAUTION kwa njano maana yake unaweza kuumia, lakini si vibaya sana. Tofauti yote ya mawili ya mwanzo imo kwenye "uta" na "unaweza". Kemikali nazo zina utaratibu wao, ule wa Umoja wa Mataifa unaojulikana kwa herufi GHS, nao una maneno mawili tu: Danger kwa zilizo kali zaidi, Warning kwa zilizopungua. Caution hutaikuta huko.

Nilichagua HATARI, ONYO na TAHADHARI, kwa rangi zilezile. Kisha nikapata pingamizi ambalo sikulitegemea. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipokuwa kinasogea pwani yetu, kila redio mjini ilikuwa inasoma taarifa za Mamlaka ya Hali ya Hewa, na TMA wana ngazi zao: angalizo kwa njano, tahadhari kwa chungwa, tahadhari kubwa kwa nyekundu. Vibarua wakaniuliza mbona kwenye redio tahadhari iko juu ya njano na kwenye ukuta wetu ndiyo njano yenyewe. Walikuwa sahihi kuuliza. Tulijadili kikaoni, tukakubaliana kwamba rangi ndiyo itakayotangulia: nyekundu simama, chungwa usiendelee mpaka uulize, njano endelea kwa uangalifu. Mabango yakabaki na maneno, lakini kila mgeni anayeingia anafundishwa rangi kwanza. Nimeona hilo linafanya kazi vizuri, kwa sababu hata asiyejua kusoma anaifuata. Bango la ngazi ya ofisi tuliling'oa kabisa. Ngazi ile ilikuwa nzima.

Mambo madogo nitayapitia haraka, maana mtu anaweza kuyashika kwa kusoma tu, ila lazima ayashike neno na kiambatanishi chake pamoja. Mtu yuko "in danger", lakini yuko "at risk". Kazi au mpango uko "in jeopardy". Msitu au mji uko "under threat". "At danger" wanafunzi wangu wa jioni waliipenda sana na nilikuwa nikiwafutia, mpaka mzee mmoja mstaafu wa reli akaniambia kwamba kwenye reli ipo: ishara iliyokaa kwenye nyekundu iko "at danger", na treni ikiipita lazima dereva ajieleze. Basi kwa ishara za reli iacheni, kwingine kote iondoeni. "Risky" huelezea tendo au uamuzi. Mbwa haitwi "risky", mbwa ni "dangerous". Peril utaikuta zaidi kwenye hadithi na kwenye bima za meli, ambako misukosuko ya baharini huitwa "perils of the sea"; kwenye ripoti ya yadi itaonekana imevaa joho. Jeopardy pia ni ya mahakamani: kushtakiwa mara mbili kwa kosa lilelile ni "double jeopardy". Nimeacha kuyatumia hayo mawili kazini, na sijayakosa.

Threat nilikuja kuielewa vizuri nje ya yadi. Binamu yangu anawatembeza wageni baharini, akaniletea karatasi ya maelezo ya silikanti niisahihishe. Kama hujamwona hata pichani, silikanti ni samaki wa kale sana ambaye wanasayansi walidhani ametoweka tangu enzi za dinosaria, mpaka mmoja alipopatikana Afrika Kusini mwaka 1938. Hapa Tanga walikuwa wakinaswa kwenye majarife ya papa yanayotegwa kwenye maji marefu, na mwaka 2009 ikaanzishwa hifadhi ya bahari kwa jina lake. Karatasi ya binamu yangu ilisema silikanti ni "very dangerous fish". Alitaka kusema yuko hatarini. Kwa Kiswahili, samaki hatari na samaki aliye hatarini vinatenganishwa na silabi moja. Kwa Kiingereza ni "dangerous" na "endangered", na mgeni angeogopa kuogelea Raskazone kwa sababu ya samaki anayeishi kwenye vina vya giza na asiyemsumbua mtu. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa mazingira, linamweka silikanti wetu kwenye ngazi ya "critically endangered". Chini yake kuna "endangered", kisha "vulnerable", na zote tatu kwa pamoja huitwa "threatened". Kwa hiyo "threatened" pale ni mwavuli wa ngazi tatu. Ukiandikia watu wa mazingira, usibadilishe maneno haya kwa kutaka kupamba sentensi. Na sentensi inayofuata, kwamba jarife ni "threat" kwa silikanti, ni sahihi kabisa: ni kitu kinachomjia.

Yapo pia majina ambayo hayakupi nafasi ya kuchagua, kwa sababu yamewekwa na sheria. Mzigo wa kemikali ukiwa melini au bandarini ni "dangerous goods". Hivyo ndivyo ulivyoitwa kwenye kanuni ya kimataifa ya IMDG, inayoupanga katika madaraja 9, vilipuzi daraja la 1, vimiminika vinavyowaka daraja la 3. Mzigo huohuo ukishatumika ukabaki taka, unakuwa "hazardous waste", jina lililomo kwenye Mkataba wa Basel wa mwaka 1989. Niliona mtu anaandika "dangerous waste" kwenye barua ya kuomba kibali cha kusafirisha mafuta machafu, barua ikarudi kwa ufafanuzi, gari likalala siku nzima na dereva analipwa. Kabla hujachagua neno, tazama hati inakwenda kwa nani, kisha tumia jina wanalolitumia wao.

La mwisho ni la thina, ile ya kuzimulia rangi, na nalitaja kwa sababu linaweza kuua. Kwenye mapipa mengine ya zamani hukuta neno "inflammable". Kijana yeyote aliyefundishwa kwamba "incorrect" ni isiyo sahihi na "invisible" ni isiyoonekana, atasoma pale kwamba kitu hiki hakiwaki. Maana yake ni kinyume kabisa: kinawaka, tena haraka. "Flammable" na "inflammable" ni neno moja kwa maana. Kisichowaka ni "non-flammable". Niliwauliza vijana wa stoo mmoja mmoja, faraghani ili asiaibike mtu, neno lile linawaambia nini. Wengi wao waliniambia pipa lile halina shida na moto, na mahali pao pa kupumzikia palikuwa hatua chache kutoka hapo, wakiwa na sigara. Siku hiyohiyo tulihamisha benchi. Tangu hapo pipa lolote lenye neno hilo halishushwi kwenye gari mpaka mtu wa stoo aifunike lebo kwa alama ya mwali wa moto na kuandika kwa rangi, kwa herufi zinazosomeka kutoka mlangoni, HUWAKA MOTO.